Darasa Likinyamaza

Nilikuwa mwaka wa pili kazini, nikifundisha biolojia kidato cha pili katika shule moja ya kata mkoani Pwani. Mada ilikuwa usafirishaji wa vitu ndani ya viumbe hai, na siku hiyo tulikuwa tumefika kwenye osmosisi. Nikauliza kwa Kiingereza, kama utaratibu unavyotaka, osmosisi ni nini. Kiranja wa darasa akasimama, akaitoa maana yote neno kwa neno: mwendo wa molekuli za maji, utando unaopitisha baadhi ya vitu na kuzuia vingine, hakuacha kitu. Wenzake wakampigia makofi. Nikaongeza swali jingine: tukikilaza kipande cha kiazi kibichi ndani ya maji ya chumvi usiku kucha, asubuhi tutakikuta kikoje?

Kimya. Wanafunzi themanini na ushei, watatu watatu kila dawati, macho yote chini. Nikarudia swali polepole, na kimya kikawa kile kile. Kiranja naye aliinamia daftari lake. Ndipo nikafanya jambo ambalo ofisi ya taaluma ilikuwa imetukataza: nikakiweka Kiingereza pembeni.

"Haya, nani hapa hukata kachumbari nyumbani?"

Mikono ikapanda kila upande.

"Ukishakata vitunguu ukavitia chumvi ukaviacha kidogo, kunatokea nini?"

"Vinatoa maji, mwalimu!"

"Maji hayo yametoka wapi?"

Somo likaanza hapo. Mmoja akasema chumvi ndiyo imeyeyuka ikawa maji. Mwingine akamkatalia: chumvi gani hiyo ya kijiko kimoja iyeyuke mpaka ijae chini ya bakuli? Maji yametoka ndani ya kitunguu chenyewe. Binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye tangu Januari sikuwa nimemsikia sauti, akasimama akasema chumvi huvuta maji, na ndiyo maana samaki wa ng'onda hutiwa chumvi kwanza ndipo waanikwe. Ubishi ukapamba moto hadi kengele ikalia, na wengine wakanifuata nje wakiendelea kubishana. Nilirudi ofisini nikiwa nimejifunza mambo mawili yaliyonikosesha usingizi. Kiranja aliyepigiwa makofi hakujua kiazi kingekuwaje. Na yule binti alikuwa na biolojia yake kichwani muda wote, mimi ndiye nilikuwa sijamfungulia mlango aitoe.

Swali la namna ya kumsaidia mwalimu wa sekondari afundishe vizuri zaidi, na wanafunzi wake washike somo kwa mikono miwili, kwetu huulizwa kuanzia juu: mtaala upi, sera ipi, semina ngapi, bajeti kiasi gani. Hayo yote yana uzito wake. Lakini baada ya miaka ya kufundisha, na mingine ya kukaa nyuma ya madarasa ya wenzangu, naona ni afadhali kuanzia kwenye ule ukimya. Darasa linaponyamaza, nini kimelinyamazisha? Na ni msaada gani unaofika mpaka pale mwalimu aliposimama na chaki mkononi, akiwa ameuliza swali na hakuna anayejibu?

Nianze na lugha, maana mizizi yake ni mirefu kuliko mingine yote. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali Tanzania hufundishwa kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza, kisha akiingia kidato cha kwanza karibu kila somo linageuka Kiingereza. Hupewa wiki chache za Kiingereza cha kuanzia, halafu anakabidhiwa fizikia. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia 1985. Serikali haikukubali. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, wakapima Kiingereza cha wanafunzi wetu, wakakuta kiwango kilikuwa chini mno kuweza kubeba masomo mengine. Pamoja na hayo wakashauri Kiingereza kibaki, na ukaja mradi wa fedha za Uingereza wa kukiimarisha. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ikafungua mlango kwa Kiswahili katika ngazi zote. Toleo lake la 2023 likakiacha Kiingereza pale pale sekondari. Miaka arobaini ya kwenda na kurudi, na mwalimu katikati yake ana vipindi vya dakika 40.

Watafiti wameyaona haya kwa macho. Kuanzia 2002, kundi la wasomi wa Tanzania, Afrika Kusini na Norwei, wakiwemo Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Birgit Brock-Utne wa Oslo, lilifuatilia madarasa yanayofundishwa somo lile lile kwa lugha mbili. Halima Mwinsheikhe alichunguza hasa masomo ya sayansi. Waliyoyakuta hayatamshangaza mwalimu yeyote: kwa Kiswahili wanafunzi waliuliza, wakabisha, wakajieleza, kwa Kiingereza walijibu neno moja moja na mwalimu akabaki mzungumzaji peke yake.

Sitaki kuwadharau wazazi wanaotaka watoto wao wajue Kiingereza. Wana haki, na kazi nyingi nchini hazipatikani bila lugha hiyo. Ninachosema ni kwamba mwalimu wa leo hawezi kusubiri sera ya kesho, na msaada wa kwanza anaouhitaji kwenye suala hili ni ruhusa. Walimu karibu wote huchanganya lugha, lakini kwa kuibia. Akitokea mthibiti ubora mlangoni, mwalimu anakatiza sentensi ya Kiswahili katikati na kurudi kwenye Kiingereza kama aliyefumaniwa. Jambo linalofanywa kwa kificho haliwezi kufanywa vizuri, kwa sababu hakuna anayekaa na mwenzake kulijadili. Lingetoka hadharani, tungeanza kuulizana maswali ya ufundi: sehemu gani ya kipindi iwe ya Kiswahili, na kwa nini? Mimi nilikuja kuzoea mpango huu: mjadala wa kufikiri, pale wanafunzi wanapotafuta sababu, kwa Kiswahili, kisha tunachukua jibu lao bora na kulijenga pamoja ubaoni kwa Kiingereza, sentensi kwa sentensi, maana mtihani utakuja kwa Kiingereza na sitaki wakutane nacho kikavu. Kitunguu kwanza, utando baadaye. Kiingereza chao kilikua kwa njia hiyo kuliko nilipokuwa nikiwazuia kusema, kwa kuwa sasa walikuwa na neno la kusema.

Lakini lugha peke yake haielezi yote, maana nimeona madarasa ya Kiswahili, vipindi vya fasihi, yaliyonyamaza vile vile. Kuna hofu. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zinamtaka mkuu wa shule, au mwalimu aliyeidhinishwa naye, ndiye atoe adhabu ya viboko, visizidi 4, na kwa makosa makubwa. Kenya iliifuta adhabu hiyo mwaka 2001. Kila aliyesoma kwetu anajua umbali uliopo kati ya kanuni na darasa, na anajua kwamba wapo waliochapwa kwa kukosa jibu tu. Jibu lisilo sahihi si kosa la nidhamu. Mwanafunzi akishaona mwenzake kachapwa kwa kukosea hesabu, anajifunza jambo moja kwa haraka sana, nalo ni kutokuinua mkono. Na hata pasipo fimbo, kicheko cha wenzake kwa Kiingereza kilichovunjika kinatosha kumfunga mdomo hadi kidato cha nne. Hili la kicheko liko mikononi mwa mwalimu kabisa. Darasa hucheka pale linapoona mwalimu naye anatabasamu.

Halafu kuna haraka. Mwanasayansi wa elimu wa Marekani, Mary Budd Rowe, alisikiliza kanda nyingi za vipindi vya sayansi na kupima muda ambao mwalimu husubiri baada ya kuuliza swali kabla hajajijibu, hajamtaja mwingine au hajauliza jingine. Katika kazi aliyoichapisha miaka ya 1970 alionyesha kwamba muda huo kwa kawaida ulikuwa kama sekunde 1. Walimu walipofundishwa kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yakarefuka, wanafunzi wengi zaidi wakajitokeza, na walioshindwa kabisa kujibu wakapungua. Sekunde 3! Hazihitaji bajeti. Lakini jaribu kusimama mbele ya watoto tisini ukahesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu bila kusema kitu. Utaona zilivyo ndefu. Mwalimu huona kimya ni aibu yake, hivyo hukijaza. Anauliza, anajijibu, kisha anauliza "Tumeelewa?" na darasa zima linaitikia "Ndiyooo!" kwa sauti moja. Kile kiitikio nacho ni kimya cha aina yake. Kinaziba sauti zote kwa mara moja, na mwalimu anatoka akiwa hajui hata mmoja alikuwa wapi.

Kwa mwanafunzi anayefikiri kwa lugha moja na kujibu kwa nyingine, sekunde 3 zenyewe ni chache. Lazima alichukue swali, alitafsiri, atafute jibu, alitafsiri tena, alipange, ndipo athubutu.

Kuhusu wingi wa wanafunzi, huwezi kuandika juu ya sekondari zetu ukauruka, ingawa mara nyingi hutumika kama jibu la kufungia mazungumzo. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulioanza 2004, uliipa Tanzania shule za kata. Wanafunzi walitoka zaidi kidogo ya laki nne mwaka huo hadi zaidi ya milioni moja na laki sita mwaka 2010, na shule kutoka karibu 1,300 hadi zaidi ya 4,200. Mimi naliona hilo kuwa moja ya mambo makubwa yaliyofanywa na nchi hii. Bila shule hizo, maelfu ya wasichana wa vijijini wasingekanyaga sekondari kamwe. Lakini majengo yaliwatangulia walimu. Vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache wakapelekwa madarasani, na mitaani wakaitwa "voda fasta", kama vocha ya simu inayoingia papo hapo. Jina hilo liliwaumiza, na halikuwa haki: wao hawakujipanga, walipangwa. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotangazwa Februari 2013, karibu watahiniwa 60 katika kila 100 walikuwa wamepata sifuri. Nchi ilishtuka, Waziri Mkuu akaunda tume, matokeo yakapangwa upya. Elimu bila ada ilipoingia 2016 madawati yakabanana tena.

Nimefanya kazi na baadhi ya hao walioitwa voda fasta. Wawili kati yao ni miongoni mwa walimu bora niliowahi kuwaona, na ukiwauliza walitokaje pale, hawataji semina. Wanamtaja mwalimu fulani mzee wa shuleni kwao aliyekuwa akiingia madarasani mwao, akakaa nyuma, kisha wakanywa chai pamoja.

Serikali zetu, pamoja na wafadhili, kwa muda mrefu zimejaribu kumsaidia mwalimu kwa kumtoa shuleni. Kenya ilianza mwaka 1998 mradi wa SMASSE wa kuimarisha hisabati na sayansi sekondari, kwa ushirikiano na shirika la Japani la JICA. Ulianzia wilaya chache kisha ukaenea nchi nzima, na chuo cha CEMASTEA jijini Nairobi kikawa kitovu chake. Fikra yake ilikuwa njema, na bado ni njema: shughuli mahali pa hotuba, mwanafunzi katikati, majaribio yafanyike, na vifaa vibuniwe kutokana na vitu vya mahali. Mwalimu apange, afundishe, atazame kilichotokea, aboreshe. Shida ilikuwa kwenye njia ya kuifikisha. Wakufunzi wa taifa waliwafundisha wakufunzi wa wilaya, nao wakawafundisha walimu wakati wa likizo. Aliyelima kwenye mfereji wa umwagiliaji anajua hali ya mwenye shamba la mwisho. Maji yaliyotoka chanzoni kwa nguvu yanamfikia yakiwa matope, na siku nyingine hayafiki. Mwalimu alirudi shuleni na kabrasha, akaanza muhula, akakutana na darasa lake lile lile na mitihani ile ile, na hakuna aliyekuja kukaa naye dawatini kuona jaribio lilikwendaje.

Zambia iliupokea mradi kama huo kwa namna tofauti, na naona tofauti hiyo ingepaswa kusomwa zaidi kwetu. Tangu 2005, kuanzia Mkoa wa Kati, wao waliuweka ndani ya shule. Walimu wa somo moja wanapanga kipindi pamoja, mmoja anakifundisha wengine wakitazama, wanakaa kukijadili, wanakirekebisha, mwingine anakifundisha tena. Wajapani wamekuwa na desturi hiyo tangu enzi ya Meiji, karne ya 19, nao huiita jugyō kenkyū, yaani uchunguzi wa somo. Haikuhitaji hoteli wala mkufunzi kutoka mbali. Ilihitaji muda kwenye ratiba na moyo wa kutazamwa, na cha pili ndicho kigumu.

Mwaka 2021 Tume ya Utumishi wa Walimu ya Kenya ilileta utaratibu wa mafunzo ya lazima ambayo mwalimu angejilipia mwenyewe, shilingi 6,000 za Kenya kwa mwaka. Vyama vya walimu vikapinga, na mimi naelewa kwa nini. Huwezi kumwambia mtu ubora wake ni suala la taifa kisha umpe ankara.

Tanzania sasa tuna MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, na ndani yake jumuiya za kujifunza zinazokutana shuleni. Kwa maandishi, huo ndio utaratibu bora tuliowahi kuwa nao, kwa sababu hatimaye unamfuata mwalimu alipo. Ninachokihofia ni kwamba utageuka jalada. Nimeshakaa kwenye kikao cha jumuiya ambacho kazi yake yote ilikuwa kusaini mahudhurio, kupiga picha na kuituma kwenye gurupu la WhatsApp la afisa elimu. Mada iliyoandikwa kwenye ripoti ilikuwa "mbinu shirikishi". Hakuna jina la mwanafunzi lililotajwa, hakuna swali la somo lililoulizwa, na saa nzima ikaisha. Walimu wale hawakuwa wavivu. Hawakuwa wamewahi kuona kikao cha aina nyingine.

Basi nieleze kikao cha aina nyingine, maana hili ndilo jambo ambalo kulitaja kwa juu juu hakumsaidii mtu.

Ilikuwa idara ya hisabati, walimu wanne. Walilalamika kwamba kidato cha pili hawafungui mabano: ukiwapa (a + b)² wanakuandikia a² + b². Kila mwaka wanafundishwa kanuni, kila mwaka wanarudi kule kule. Wakakubaliana mmoja afundishe kama kawaida yake, na wenzake watatu wasimtazame yeye hata kidogo. Kila mmoja aketi karibu na mwanafunzi mmoja na kuandika tu anachokifanya mwanafunzi huyo, dakika kwa dakika. Mwalimu akafundisha vizuri, ubao safi, mwandiko wa kupendeza, mifano mitano. Akatoa zoezi. Akazunguka. Akafanya masahihisho ubaoni. Akakusanya madaftari, na karibu yote yalikuwa na vema tupu.

Jioni wakakaa. Mwalimu aliyeketi karibu na kijana mmoja akasoma alichoandika. Wakati wa zoezi, kijana aliandika namba ya swali, akaacha mistari minne, akaandika namba ya swali la pili, akaacha mistari minne, hivyo hivyo hadi mwisho. Akasubiri. Mwalimu alipoanza masahihisho, akajaza nafasi zote kwa kunakili ubaoni. Kisha akachukua kalamu nyekundu ya jirani, akajipa vema. Ukumbi ukawa kimya. Mwalimu aliyefundisha alilichukua lile daftari akalitazama muda mrefu, akasema, "Hili nililisahihisha mimi mwenyewe wiki iliyopita, nikaandika hongera."

Hakuna semina ingemwonyesha hilo. Hakuna mthibiti ubora angeliona, kwa sababu huyo hukagua azimio la kazi, andalio la somo na daftari, na vyote vitatu vilikuwa safi. Aliliona mwenzake, kwa kukaa kimya na kumtazama mtoto mmoja kwa dakika 80 za kipindi pacha.

Baada ya hapo ndipo mbinu zinapokuwa na maana, kwa sababu sasa mwalimu anazitafuta mwenyewe. Nyingine zinafaa hata kwenye darasa la watu tisini, pengine hapo zaidi. Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, aligundua mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwamba wanafunzi wake walikokotoa maswali magumu ya kanuni huku wakishindwa maswali mepesi yanayowataka waeleze kwa nini. Akaacha kuhutubia mfululizo. Anaweka swali lenye majibu ya kuchagua, kila mtu anafikiri peke yake, anapiga kura, kisha anamgeukia jirani yake na kujaribu kumshawishi, halafu wanapiga kura tena. Kura ya pili mara nyingi inakuwa bora kuliko ya kwanza, na profesa hajasema neno. Sisi tunapiga kura kwa vidole vilivyoshikwa kifuani, kimoja hadi vinne, mtu asichungulie cha mwenzake. Kiazi kile kwenye maji ya chumvi: kitakuwa kigumu zaidi, kitalegea, kitabaki vile vile, au kitayeyuka? Kwa mtupo mmoja wa jicho unajua darasa zima limesimama wapi. Na yale mazungumzo ya jirani kwa jirani hufanyika kwa lugha wanayoijua, bila mtu kuomba ruhusa.

Vivyo hivyo vipande vya karatasi vya mwisho wa kipindi. Paul Black na Dylan Wiliam wa King's College London walipitia mwaka 1998 tafiti zipatazo 250 na kuonyesha kwamba upimaji wa kila siku, ule ambao mwalimu anautumia kubadili kipindi kinachofuata, huinua ujifunzaji kwa kiasi kikubwa. Mwalimu wa wanafunzi tisini hawezi kusoma karatasi tisini kila jioni, na asijaribu. Achukue kumi bila kuchagua, asome akingojea daladala. Kumi zinatosha kumwambia kesho aanzie wapi.

Kuna ukuta mmoja ambao mbinu hizi zote huugonga, nao ni mtihani wa taifa. Shule hupimwa kwa daraja, mwalimu hupewa motisha kwa kila alama A ya somo lake, kidato cha nne wanawekwa kambini kukokotoa mitihani iliyopita usiku na mchana. Mkuu wa shule akimwona mwalimu ametumia kipindi pacha kubishana juu ya kachumbari, anauliza mada zitaisha lini. Swali lake ni la haki, na sidharau mtihani; kwa mtoto wa maskini ni mlango. Ninachoweza kujibu ni nilichokiona: waliobishana juu ya kachumbari walijibu maswali ya osmosisi ya aina yoyote, na waliokariri walijibu lile moja. Lakini mwalimu asiye na mkuu wa shule wa kumkinga hatadumu na ufundishaji huu zaidi ya muhula. Ndiyo sababu, ningeulizwa fedha ya mafunzo iende wapi kwanza, ningesema kwa wakuu wa shule, wafundishwe kuketi nyuma ya darasa na kumtazama mwanafunzi, kisha watenge dakika 80 kila wiki kwenye ratiba, saa za kazi, kwa ajili ya idara kukaa pamoja. Jumuiya inayokutana saa kumi jioni, mwalimu akiwa na njaa na njia ndefu ya kwenda nyumbani, itaishia kwenye picha ya WhatsApp.

Idara ile ya hisabati ilikaa wiki mbili ikitengeneza kipindi kimoja. Wakakubaliana kuanza na shamba. Walichora ubaoni shamba la mraba, ubavu wake hatua 5 zikaongezwa 3. Eneo lake lote ni hatua za mraba ngapi? 8 mara 8, 64. Haya, 5 mara 5 ni 25, na 3 mara 3 ni 9, jumla 34. Hatua 30 zimekwenda wapi? Wakapanga kwamba baada ya swali hilo mwalimu asiseme neno, hata darasa likinyamaza vipi. Kipindi kikapewa mwalimu wa mkondo wa pili, kijana wa miaka mitatu kazini, na wenzake pamoja nami tukakaa kila mmoja na mwanafunzi wake.

Akauliza. Darasa likanyamaza. Nilimwona amekaza chaki, midomo ikihesabu. Sekunde ya nne, ya tano, ya sita. Mvulana wa mbele akachukua rula akaanza kuchora kwenye daftari lake, jirani akamsogelea, na mnong'ono ukaanza kusambaa dawati kwa dawati. Mmoja akaenda ubaoni, akatia kivuli vipande viwili virefu vya pembeni, 5 kwa 3 na 3 kwa 5, akageuka akasema, "Ziko huku, mwalimu. Tulikuwa tunaziacha." Wengine wakaguna kwa mshangao. Walipoandika kwa herufi, 2ab ikatokea yenyewe, na hakuna aliyehitaji kuambiwa aikariri.

Mwalimu akawa anataka kufunga kipindi. Binti niliyekuwa nimeketi karibu naye, ambaye kwa dakika 50 hakuwa amesema lolote, akainua mkono nusu, akaushusha, akauinua tena.

"Samahani mwalimu. Na lingekuwa sanduku je, badala ya shamba? Vingebaki vipande vingapi?"

Andalio la somo halikuwa na swali hilo. Walimu wote wanne walitazamana. Yule kijana akageuka ubaoni, akachora sanduku, akaweka chaki mezani, akasubiri.